Kiti cha Pembeni

Iringa, 20 Septemba 1956

Kwako Mwanahawa, mama wa mwanangu,

Nakusalimu wewe, mtoto na wazazi wako. Huku Ipogolo vumbi tu, na mimi ni mzima.

Arobaini ya mtoto imepita na sikuja huko Mbeya kuwachukua, na baba yako alishaalika watu. Sikusahau. Bwana wa shamba la tumbaku aliniambia, "Othmani, nimalizie gari la maonyesho, nitakupeleka Mbeya kwa gari hilohilo." Nikamwamini. Ile Ford yake kuukuu ya Kimarekani niliikata paa, nikaishusha chini, nikaitia injini ya lori na rangi nyekundu mara saba. Kiti cha pembeni nilikishona mwenyewe, kipana, nikijua mtakaa wewe na mtoto.

Jumamosi uwanjani Wazungu waliizunguka wakipiga makofi. Bwana akapewa kikombe, akasema kaitengeneza yeye. Mimi nilisimama nyuma ya kamba na kitambaa cha kufutia vumbi. Jioni nikamwendea na sanduku langu. Injini inanguruma, na kwenye kiti kile amekaa mbwa wake. "Wewe panda basi," akasema. Arobaini ilikuwa kesho yake, na basi la kwenda Mbeya ni Jumatano tu.

Jumatano nikiwa kituoni, basi lililotoka Mbeya likaniletea barua ya baba yako: nisije, nitume talaka.

Gari hilo liko huko sasa. Likipita mlangoni kwenu, mfunike mtoto. Vumbi lake nimelila mimi, linatosha.

Ni mimi mumeo, kama bado ni mumeo,
Othmani Bushiri