Rodi Kwenye Oveni ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki wiki tatu na ushee. Naandika ili nisijidanganye: mtihani wa kuchomelea juu ya kichwa ni tarehe 26, na hii ni mara yangu ya tatu. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukifeli unafungiwa miaka mitatu. Miaka mitatu! Nitakuwa na arobaini na nne, na shingo ni hii hii.

Nikipata cheti naingia kikosi cha wajenzi wa madaraja. Nisipopata, ni mageti na madirisha mpaka nizeeke. Mageti si mabaya. Nimeyachoka tu, basi.

Leo baada ya kazi nimelala chini ya bamba la chuma dakika arobaini. Cheche zimenimwagikia shingoni, moja ikaingia kwenye sidiria. Nimeruka! Bonge, mwenzangu wa benchi la pili, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti kama nataka kucheza niseme, awashe redio. Mshono umetoka na vitundu, kama kawaida. Vitundu, vitundu, vitundu.

Jumatano, 5 Machi

Bosi kaniita ofisini — ofisi yenyewe ni kile kiti nyuma ya makopo ya rangi. Anataka niwe msimamizi wa mageti yote, kuanzia mwezi ujao. Sharti moja: niachane na habari za juu ya kichwa. Anasema natumia nguvu bure, mkono wangu ni wa kazi za mezani. Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililoniuma. Angefoka ningejua pa kumjibu.

Kanipa wiki moja ya kufikiri.

Nyumbani nimemweleza mume wangu. Kasema uamuzi ni wako. Nikamwambia hilo nalijua, niambie nisilolijua! Kaendelea kupuliza nywele za wateja kwenye mashine yake ya kunyolea.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili sijafanya mazoezi. Hizo hapo, nimeziandika. Ijumaa kichwa kiliuma. Jana hakikuuma, sina cha kusingizia. Nilikaa tu nikiliwaza neno "msimamizi". Linapendeza. Ukilisema mbele ya kioo, kidevu kinapanda chenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu. Niandike taratibu.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita, kwa ajili ya goti lake. Goti linamkataza kutembea, halimkatazi kuoka. Na huyu mama hafanyi lolote kabla hajasoma kila neno kwenye pakiti — hata ya chumvi. Leo jioni alikuwa anatafuta beseni chini ya sinki, akakuta boksi langu la rodi za kuchomelea. Akauliza kwa nini naziweka kwenye majimaji. Nikamjibu, mama, hizo ni chuma, haziozi. Huku nacheka kabisa, mimi fundi!

Akavaa miwani. Akaligeuza boksi huku na huku. Pembeni, chini kabisa, kuna kijipicha: kisanduku chenye moto, namba za joto, na saa.

"Mwanangu," akasema, "hii si oveni?"

Ni oveni.

Miaka miwili! Boksi hilo nimelibeba, nimelikalia, nimeliwekea chai juu. Sikuwahi kuligeuza. Rodi za mageti hazina makuu, hata zikinyeshewa zinashika. Hizi za mabamba mazito zinadeka. Ganda lake linanyonya unyevu, ukiwasha moto unyevu unatafuta pa kutokea, na pa kutokea ndipo penye vitundu. Darasani walilisema hilo. Nilikuwa nawaza lini tutaanza kushika mashine.

Mama anasema hata hamira ukiiweka pale chini ya sinki inakufa, sembuse hizo.

Nimelia palepale jikoni, nimeshika beseni. Nimelia kwa raha! Miaka miwili nikiutukana mkono huu. Kumbe si mkono. Si mkono, jamani!

Jumatano, 12 Machi

Tumezioka. Kwenye trei ya keki. Oveni yetu haifiki joto lililoandikwa, tukaziacha muda mrefu zaidi. Mume wangu kaingia, kanusa, kauliza leo tunakula nini. Mama yake kamjibu: misumari, kanawe mikono.

Jioni karakanani — vitundu viwili. Viwili tu! Nimehesabu mara tatu nikidhani macho yananidanganya.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia bosi hapana. Niliipanga hotuba nzima njiani, nilipofika ikabaki "Hapana, mzee, asante." Akasema basi nafasi atampa Bonge. Sikuwa nimewaza hilo! Nikifeli, Bonge ndiye atakayenipangia kazi kila asubuhi, na redio yake.

Nikatoka nje kwenye rundo la vyuma chakavu, nikakaa kidogo. Halafu nikagundua napumua vizuri. Wiki nzima nilikuwa sipumui vizuri. Kumbe kilichokuwa kinanielemea si mtihani, ni lile jibu.

Jumanne, 18 Machi

Nilishangilia mapema mno.

Rodi kavu, zimetoka oveni zina moto, na vitundu vimerudi. Si mshono mzima. Ni mwishoni tu, vidole vitatu vya mwisho. Kila bamba, palepale. Basi ni mkono. Rodi zilikuwa na makosa yake na mkono nao una yake. Nilitupa kinyago chini. Kioo hakikuvunjika, bahati yangu.

Bonge alikuwa anaona. Nikangoja utani. Akaja akachuchumaa, akasema nichomelee tena, anataka kunitazama kifua, si mshono. Nikamtolea macho. Akasema asifikiriwe vibaya, anataka kuona ninavyopumua. Nikachomelea. Akasema, "Dada, ukikaribia mwisho unabana pumzi. Ukibana pumzi mkono unakimbia."

Basi. Akarudi benchini kwake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwaka mzima, sasa itakuwaje?

Alhamisi, 20 Machi

Pumua. Pumua. Pumua. Mabamba mawili mabaya, moja zuri. Shingo imekaza, nageuka mwili mzima mtu akiniita.

Jumamosi, 22 Machi

Mabamba manne. Safi yote, mwanzo mpaka mwisho! Nimeleta moja nyumbani. Mume wangu kapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kisha kasema umelainika kama kisogo alichokinyoa yeye. Kwa kinyozi hakuna sifa zaidi ya hiyo.

Halafu kaniambia jambo. Siku ile nilipomweleza habari za usimamizi, alitaka kusema nisikubali. Akaogopa. Angesema nisikubali, kisha nifeli, ningemwona yeye ndiye aliyeniponza. Nikamwambia umenitesa wiki nzima kwa adabu zako. Tumecheka.

Mama mkwe kadai oveni yake. Keki ya leo ina harufu ya karakana, na jirani aliyeonjeshwa kauliza kama ndani kuna dawa.

Jumatano, 26 Machi — asubuhi

Mvua! Siku zote zilizopo, inanyesha leo. Mama mkwe kaamka kabla yetu, kazitia rodi kwenye bomba lenye kifuniko, kalizungushia taulo mbili, kanifunga mgongoni kama mtoto mchanga. Kaniambia nilowe mimi, zisilowe hizo.

Saa nne na nusu

Nimemaliza kuchomelea. Nilipumua. Sehemu ya mwisho nilipumua kwa sauti mpaka mkaguzi akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Sasa tunangoja mabamba yakatwe. Kila mtu anakatiwa vipande viwili kwenye mshono, kimoja cha mwanzo na kimoja cha mwisho, vinawekwa kwenye mashine, vinakunjwa mpaka vinakuwa kama kiatu cha farasi. Mgongo wa kipande ukipasuka, umekwisha. Vyote viwili lazima vipone.

Saa sita

Kipande cha mtahiniwa namba nne kimepasuka. Mlio wake ni mdogo tu, kama mtu kavunja biskuti. Kijana wa watu kachukua mfuko wake, kaondoka bila kuaga.

Saa saba kasoro

Namba kumi na moja ndiyo mimi. Kipande cha kwanza kimekunjwa. Kimepona! Kizima, hakina hata mkwaruzo. Nimeshika ukuta kama Bonge.

Wakaweka cha pili. Mashine ikashuka, ikaanza kukikunja, kikafika nusu — umeme ukakatika.

Umeme umekatika! Kipande changu kiko humo ndani, nusu kimekunjwa, nusu hakijakunjwa. Mkaguzi kasema haruhusiwi kukitoa. Tungoje. Kakaa juu ya ndoo, anakula ndizi.

Bado hakuna umeme

Mwenzangu wa pembeni, namba kumi na mbili, ananiuliza nawezaje kukaa na kuandika. Ananihurumia kuliko ninavyojihurumia.

Nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Nimejipima: hata njaa nasikia, namezea mate ndizi ya mkaguzi. Mwaka juzi na mwaka jana sikukaa hapa. Nilichomelea, nikaweka vifaa mfukoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma kabla hawajawasha hii mashine. Karatasi ya majibu alikuja kuichukua mume wangu. Mara zote mbili sijawahi kuona vipande vyangu vikikunjwa. Nilikuwa naamini vitapasuka, na sikutaka viniaibishe nikiwa nimesimama.

Leo nimesahau kabisa kwamba mlango wa nyuma upo. Nimeukumbuka sasa hivi, kwa kuwa namba tisa ameutumia.

Nusu iliyokunjwa nimeichungulia kwa tochi ya simu. Haina ufa. Nusu nyingine siijui. Ile ndiyo yenye vidole vitatu vya mwisho.

Naijua pumzi niliyovuta pale, lakini. Naikumbuka.

Taa imewaka. Mashine inanguruma. Mkaguzi katupa ganda la ndizi, kapangusa mikono kwenye suruali, anasema namba kumi na moja asogee, aone mwenyewe. Namba kumi na mbili anauliza kama namtaka anisindikize. Nimemwambia abaki anishikie daftari, naenda mwenyewe.