Hatutoshi Kuwa Jimbo

Gare, Lushoto

Mwanangu Loveness,

Marahaba, maana ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Sisi wazima, na kabichi zimefunga vizuri mwaka huu.

Juzi tuliitwa kwenye kikao cha kugawa jimbo. Sisi wa huku juu tunaomba jimbo letu wenyewe. Ofisa akasoma hesabu ya sensa, akasema hatutoshi, vijana wengi wamehamia mijini. Baba yako akasimama.

"Ongeza wanangu wanne," akasema.

"Wanaishi hapa, mzee?"

"Hapa ndipo kwao."

Watu wakacheka. Baba yako akaketi, akainamisha kichwa mpaka kikao kikaisha.

Tangu siku hiyo hali akashiba. Jana tukiwa shambani akaniuliza, "Mama Loveness, hivi hawa watoto watarudi kweli?" Nikamjibu watarudi, kisha nikaendelea kupalilia ili asinione machozi.

Jimbo tukipata au tukikosa, tutaishi. Lakini wewe omba ruhusa kazini, hata ya siku tatu, uje. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie tu kwamba ulimkumbuka.

Mama yako anayekupenda,
Dorkasi