Zunguka Kwanza Karibu na Nyumbani

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimenifikia hapa Mombasa. Sisi wazima, ila magoti yangu yananisumbua, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume. Mama yako anataka nikukataze safari ya pikipiki katika milima ya huko Norwe, theluji ikianza kuyeyuka. Sikukatazi. Umeniuliza utajuaje cha kubeba na cha kuacha, basi nikujibu.

Siku tuliyokikimbia kisiwa chetu cha Kudha, kule Somalia, bunduki zilisikika upande wa bara, Burgao. Tulipokwisha kujaza mashua, watu walitaka tuondoke papo hapo. Babu yako akakataa. Kwetu chombo kilichopakiwa huzungushwa kwanza karibu na pwani kujaribiwa, na vita havikumbadilisha. Wakampigia kelele, naye akashika usukani akazunguka. Tulipofika penye mawimbi, maji yakaingia ubavuni. Akaturudisha ufukweni.

"Wachu kwanza," akasema kwa Kibajuni chetu, yaani watu kwanza. Hakumwambia mtu ashushe nini. Cherehani yangu niliishusha mwenyewe, nikaiacha mchangani, nikarudi kukaa.

Kwa hiyo jaza pikipiki mizigo yote, uiendeshe siku nzima karibu na nyumbani, kwenye mlima wenye upepo. Ikiyumba, rudi ushushe. Kisha nenda, wala usigeuzwe na maneno ya watu.

Cherehani ile sijui iliangukia mikononi mwa nani. Pale ilipokuwa mashuani alilazwa mama yako, wakati huo mtoto mdogo, huyo huyo anayekuogopea leo.

Bibi yako anayekuombea,
Mwanaesha