Kitundu Kwenye Shavu la Baba

Garissa,
14 Mei 1967

Mpendwa ndugu yangu Nuh,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Kampala, wewe na masomo yako ya udaktari? Sisi ni wazima wa mwili, ila kichwa changu kinataka kupasuka. Mama yako, shangazi Kaltun, analalamika kuwa huandiki. Namtuliza kwamba kwa vita hivi vya mashifta barabara hufungwa, na barua hufika zikijisikia.

Baba aliyepotea nyikani amepatikana, Nuh. Ni mifupa tu. Wato, yule Mborana aliyekuwa akichunga ngamia pamoja naye, ndiye aliyemkuta upande wa Modogashe, akatuletea amemfunga vizuri ndani ya shuka. Badala ya shukrani, akapata kesi.

Maana Adeer Hared, mdogo wake baba, aliligeuza fuvu mikononi akaona kitundu kwenye mfupa wa shavu. "Risasi!" akasema. "Wato amemuua, sasa anajifanya mwema." Basi vijana wakaanza kumsaka na marungu, Wato akajificha kwa mwenye duka mmoja, na baba yangu akatiwa ndani ya gunia, akakaa bila kuzikwa, eti yeye ni ushahidi! Nilisema mpaka sauti ikanikauka.

Nikamkokota adeer, fuvu mkononi, hadi hospitali. Daktari alikuwa na subira kuliko mimi. Alituonyesha kuwa kitundu chenyewe ni kama kichwa cha pini, kingo zake laini, wala mfupa haukupasuka. Akapenyeza unywele, ukatokea ndani ya shimo la jicho.

"Hapa hupita mshipa wa fahamu," akasema. "Ndio unaokufanya uhisi nzi akitua shavuni. Ni maumbile. Wengine wana kimoja, wengine viwili, wengine hawana. Tazama, kwenye shavu la pili anavyo viwili."

Unajua adeer alijibu nini? "Basi alipigwa risasi tatu."

Wallahi nilicheka, kisha nikalia palepale mbele ya wagonjwa.

Aliyemaliza mambo ni mama yangu Habibo. Wewe unamjua, mwanamke asiyepaza sauti hata kwa mbuzi. Aliingia katikati ya kikao cha wazee, akamnyooshea adeer mikono. "Nipe mume wangu." Wazee wakainamisha macho, na adeer akampa gunia.

Tulizika Alhamisi. Wato alikuja akasimama nyuma ya watu wote. Nilimwendea nikamuuliza jambo ambalo, katika makelele yale yote, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, mimi nikiwamo: alimkutaje baba?

"Alikuwa amelala ubavu wa kulia," akasema Wato. "Kilemba amekunja, ameweka chini ya kichwa. Uso kibla. Kibuyu chake hakuna maji hata tone. Mimi nilitaka kusema, lakini walinifukuza."

Adeer alikuwa akifukia kaburi, akasikia. Jembe likamtoka mkononi. Hakuomba radhi, huyo hajui kuomba radhi. Aliketi kwenye udongo akamlilia kaka yake kwa mara ya kwanza, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikaketi naye.

Mama Habibo na shangazi wanakusalimu sana. Adeer naye anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama.

Ndimi dada yako akupendaye,
Kinsi