Mama Hamisi Hakuwa na Jina Lingine?

Jumanne, Ujiji

Jina la mama yake babu bado sina. Leo nimempigia shangazi, akanikaripia: "Jina la nini tena? Si Mama Hamisi!" Ndivyo walivyomwita wote, kwa jina la mwanawe.

Aliyelijua ni jirani yetu, Mama Zuhura, aliyeanika naye dagaa akiwa kigoli. Nilipomuuliza alisema, "Njoo Ijumaa, mjukuu wangu, nitakukalisha nikueleze." Ijumaa mvua ikanyesha, nikaona uvivu hata kuvuka uchochoro. Jumatatu tukamzika.

Najilaumu, basi tu.

Jioni hii nimetaka angalau kumwandika yeye kwenye daftari la ukoo. Nikaandika "Mama Zuhura", mkono ukasita. Miaka yote nimekula kwake, na jina lake pia sikuwahi kumuuliza.