Airisi za Marehemu na Vitabu Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, daftari. Miezi saba sijakufungua. Tangu tumzike mume wangu, kalamu imekuwa nzito. Leo nimelazimika: airisi zake zinakufa. Majani ni ya manjano, yanaanguka yenyewe. Aliniachia neno moja tu juu ya maua hayo — yasipate kiu. Nami sijakosa alfajiri hata moja, na ndoo yangu!

Wifi yangu, dada yake, anayekaa chumba cha uani, anasema nayaua kwa uvivu. Uvivu! Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Maktaba. Mkutubi nilimfundisha zamani; bado hutoa mikono mifukoni akiniona. Vitabu viwili vya airisi: kimoja kinene, picha zinang'aa, kingine chembamba, kina madoa ya udongo. Nikauliza kipi kinafaa. Akasema kinene hurudi kisafi kila mara, chembamba hurudi na matope — Mwalimu achague mwenyewe. Ana akili kuliko alama nilizokuwa nikimpa. Nimeazima vyote.

Alhamisi, 6 Machi

Kinene: kila ua limechanua, hakuna lililooza. Mwandishi huyu hajawahi kukosea? Anashauri mmea usisumbuliwe. Wa chembamba anakiri ukurasa wa kwanza kwamba aliua bustani nzima kwa maji. Tunguu — lile shina nene lililalalo ardhini — hutaka mgongo wake juani. Likilowa mno, huoza. Dawa: ng'oa, kata palipooza, anika, panda upya. Mengine hayaponi.

Nikafukua moja kwa kidole. Laini kama sabuni iliyolowa. Linanuka.

Ni mimi, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Nikamsomea wifi. Nilijiandaa kwa masimango. Akasema kwa sauti ndogo kwamba naye humwagilia — kila jioni, nikiingia kuoga. Kaka yake alimwachia neno lilelile.

"Wifi, tumeyazamisha!" akaongeza.

Nilitaka kumkemea. Nikacheka. Tukacheka mpaka tukalia.

Lakini hataki yang'olewe. Tukiyang'oa, asema, hakuna tena kilichopandwa kwa mkono wa kaka yake. Yuko barazani, kitabu kinene mapajani, hakifungui. Mimi nina chembamba, na kisu nilichokwisha kukinoa. Jua linafaa leo.

Sasa ameinuka. Ameigeuza ndoo kifudifudi, akaikalia karibu na maua.

Tukikubaliana, nitaandika.