Kadi Haikuunguzwa na Pasi Yako

Kaka yangu Maduhu,

Mama mzima, mimi mzima. Naandika kwenye simu, halafu nitaiweka kwenye magrupu ya wachimbaji, maana namba yako haipatikani tangu mwaka juzi na sijui umefuata dhahabu wapi, Chunya au ndiyo umevuka Msumbiji. Atakayeiona anayekujua, namwomba akusomee. Maandishi mnisamehe, niliishia la nne.

Kitu ninachotaka kukuambia ni kimoja, ila najijua, nitazunguka kwanza.

Unakumbuka Maganzo, kwa mjomba, kabla hatujafungua studio? Watu walikuwa wanakuletea mawe uwatazamie kama ni almasi. Yule mzee wa kofia akaja na lake kwenye karatasi, linawaka, kila mtu ameshika kichwa. Wewe ukalipeleka juani, ukaligeuza mara mbili, ukamrudishia. "Mzee wangu, hii ni chupa ya bia." Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Hukumuuliza amelitoa shimo la nani, wala kabila gani. Ulitazama jiwe tu. Nikasema moyoni, huyu kaka yangu hakuna mtu wa kumuuzia kitu kibovu.

Kumbe yupo. Alikuwa Kahama, pale Nyahanga.

Si unakumbuka ule mwaka studio yetu ya Runzewe ilivyojaa? Wewe kamera na maneno, mimi kompyuta. Waimbaji wa Kisukuma walikuwa wanakuja kwa ajili ya mdomo wako, unawachekesha mpaka wanasahau wana aibu ya kamera. Mimi nilikuwa nakata video nikiwa nimewapa mgongo, na nilipenda hivyo. Halafu Baba Kabula, yule manju, akatuletea nyimbo kumi na moja, zitoke kabla ya msimu wa ngoma. Kompyuta yetu ilikuwa imechoka, video moja inatoka kwa siku nzima. Mama akauza dume lake la ng'ombe ili tukanunue kadi ya grafiki, ile yenye feni inayoingia ndani, inayobeba mzigo wa picha.

Muuzaji wa Nyahanga akaweka mbili mezani. Moja ya kampuni nyekundu, imetumika, haina hata boksi. Akasema wazi kwamba imetoka kwenye mashine ya ofisi, "njooni niichomeke muione inavyofanya kazi." Memori kubwa, bei nusu ya mwenzake. Nyingine ya kampuni ya kijani, ina boksi, ina nailoni, ina jina kubwa. "Hii mkishaichana nailoni hairudi," akasema.

Mimi kichwani nilikuwa nimeshamaliza. Nyekundu, na chenji tununue pawasaplai mpya, ile inayoipa kompyuta umeme, maana ya kwetu ilikuwa inalia kama mbuzi.

Wewe ukaisukuma ile nyekundu kwa kidole kimoja. "Niweke nyekundu kwenye studio yangu? Braza, unanitukana."

"Kaka, kadi haichezi mpira."

"Haichezi, lakini inafungwa! Juzi si tumewapiga?"

Duka zima likacheka. Fundi mmoja akakuuliza, "Jezi ya kijani umevaa, kofia ya kijani, sasa mpaka ndani ya kompyuta?"

"Mpaka ndani ya kompyuta. Kadi ya kwanza kutulisha ilikuwa ya kijani. Leo niihame?"

Kaka, wakati mnacheka mimi nilikuwa naitazama. Muuzaji alikuwa ameitoa kwenye boksi, iko ndani ya nailoni yake. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuka. Chini ya mapanga ya feni kulikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta. Stika yenye jina ilikuwa imenyanyuka kwenye kona, na chini yake kulikuwa na stika nyingine.

Niliona. Hicho ndicho nilichokuwa nakizunguka. Niliona palepale, kabla hujatoa hela.

Nikakuvuta shati. "Kaka."

"Nini?"

Mkageuka wote, wewe, muuzaji, na yule fundi. Nikawaza Kiswahili changu kitakavyotoka, na mtakavyocheka tena, safari hii mkinicheka mimi.

"Hamna kitu," nikasema.

Tulipofika nyumbani kompyuta ikaisoma vizuri tu, jina kubwa, memori kubwa. Ukapiga makofi. Lakini nikiipa kazi nzito inaganda. Ukitoka nje nazima, nawasha, naanza upya. Ukiuliza nakwambia umeme. Nilikuficha hivyo wiki tatu, nikiomba nyimbo za Baba Kabula ziishe kabla haijafa.

Tulikuwa tumefika wimbo wa saba. Jumamosi mchana, unapiga pasi jezi uende kuangalia mpira, pasi umeichomeka kwenye ekstensheni ya kompyuta. Paa, kioo kikawa cheusi. Ulisimama umeilaza pasi juu ya jezi, jezi ikaanza kunuka kuungua na hukuinyanyua.

"Nimeiua," ukasema. "Shija, nimeiua kadi ya mama."

Mimi nikachomoa pasi, nikakuacha uamini hivyo.

Baba Kabula alivyokuja hukumchekesha. "Vijana, ngoma zinaanza Jumatano. Nitawaonyesha watu nini, mdomo wenu?" Akachukua nyimbo zake akapeleka kwingine, na kwenye mnada akamsimulia kila mtu. Wateja wakakatika. Baada ya mwezi ukafunga begi, ukasema unaenda machimboni kutafuta dume la mama.

Wewe ulipoondoka ndipo nikampelekea fundi wa hapa Runzewe ile kadi. Akabandua stika ya juu. Ilikuwa kadi ya zamani sana iliyobadilishwa jina ili kompyuta idanganyike. "Hii mlinunua maiti," akaniambia. "Hata pasi ingekaa kabatini, ingezima tu."

Ukanipigia mara moja, kwa simu ya mtu. Kulikuwa na kelele za mashine. Ukasema, "Mdogo wangu, nisamehe, nilikuunguzia kazi." Nilikuwa na jibu mdomoni, kaka. Nimelibeba hadi leo. Nikasema, "Haya kaka, kazi njema." Simu ikakatika, na ndiyo ikawa mwisho.

Mwezi uliopita nimeenda tena Nyahanga, duka lingine, peke yangu. Nikamwambia muuzaji aichomeke kadi, nikamwambia aipe mzigo, nikakaa pale saa nzima naitazama. Akaniuliza, "Dogo, wewe ni wa kijani au nyekundu?" Nikamwambia mimi ni wa ile itakayomaliza video. Akacheka. Nilitamani ungekuwepo usikie, halafu nikaona aibu, maana ningeyasema siku ile wewe ungekuwa nyumbani.

Nimechukua nyekundu, iliyotumika. Haigandi. Wimbo unatoka mama hajasonga ugali. Lakini studio haina watu wa kucheka. Mteja anaingia, ananipa memori, anakaa, namwonyesha kioo, anaondoka. Kuna mmoja aliniuliza kama mimi ni bubu.

Mama kila mnada anawasimamisha vijana waliotoka machimboni. Haulizi jina, anasema wachimbaji wanabadilisha majina. Anawauliza kama wamemuona mtu anayecheka kwa sauti kubwa. Wanamjibu, mama, huku wengi wanacheka. Anawashukuru, wabeja, wabeja, anaenda kwa mwingine. Muda wote huo alikuwa anadhani tuligombana.

Jana nimemwambia yote, skrubu, stika, na ile simu yako. Alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, akamimina, akachota mwingine. Nikadhani hakusikia.

Halafu akasema, bila kunitazama, "Mimi unaniambia ili nikufanyie nini? Dume lilikuwa langu, lakini mzigo umembebesha mwenzako. Mwambie yeye."

Ndiyo nakwambia. Hukuunguza kitu, kaka. Usilitafute dume la mama, sio deni lako. Kama umeliacha zamani na uko huko kwa mambo yako, sawa, tuma neno tu. Na kama ukisoma hapa utapata hasira, njoo nayo hivyohivyo, ingia studio unipige mbele ya wateja. Sitakimbia, na safari hii ukiniuliza "Nini?" nitakujibu.

Mdogo wako niliyekuvuta shati,
Shija
Runzewe